Tafsiri ya khutba ya Ijumaa kwenye skrini: mashine, slaidi au mkalimani?

Katika safu moja ya msikiti wa Kariakoo, Dar es Salaam, siku ya Ijumaa unaweza kuwakuta mwenye duka wa Upanga anayesoma Kigujarati, Mkomoro aliyekuja kufuata mzigo, mwanafunzi Msomali, na kijana wa Mbagala ambaye Kiarabu chake kinaishia kwenye Alhamdu. Khatibu akihutubu kwa Kiswahili, baadhi yao wanabaki nje. Akisoma khutba nzima kwa Kiarabu, karibu safu yote inabaki nje. Ndiyo maana kamati za misikiti zinaulizia maandishi ya tafsiri yanayotokea khatibu akiwa bado juu ya mimbari.

Njia zinazotumika ni tatu. Mashine inasikiliza na kutafsiri papo hapo. Au khutba inatafsiriwa siku kadhaa kabla na mtu anasogeza slaidi. Au mkalimani anasema tafsiri na wasikilizaji wanaipata masikioni. Kinachoamua kati ya hizo ni namna khatibu wenu anavyohutubu, yaani kama anasoma andiko au anazungumza kutoka kichwani. Bei ya vifaa inakuja nyuma sana.

Vipimo vya kutumia

Usahihi ndio wa kwanza, na una daraja. Kosa katika kisa au mfano, msomaji hulirekebisha kichwani mwake. Kosa ndani ya aya, hadithi au hukumu, mtu huondoka nalo akidhani ndiyo dini. Kwa hiyo usiulize mashine au mtu anakosea mara ngapi, uliza anakosea wapi.

Kipimo cha pili ni kuchelewa. Maandishi yakiwa nyuma kwa sekunde tatu au nne, mtu bado anaunganisha maneno na uso wa khatibu. Yakifika sekunde kumi, wenzake wanaitikia dua na yeye bado anasoma kisa kilichopita.

Cha tatu ni adabu ya kusikiliza, na hapa kamati nyingi hukimbia kununua kabla ya kuuliza. Hadithi ya Abu Huraira, kwa Bukhari na Muslim, inasema ukimwambia mwenzako "nyamaza" imamu akihutubu, umeshafanya upuuzi. Katika Muslim, aliyegusa vijiwe naye amefanya upuuzi. Simu inayoguswaguswa haiko mbali na vijiwe hivyo. Mkalimani naye anasema wakati wa khutba. Imamu aulizwe haya mapema, jibu lake liandikwe, na ndipo mtu aende dukani.

Vinabaki vifaa na umeme, halafu watu: nani atafanya kazi hii kila Ijumaa, pamoja na Ijumaa ya mvua kubwa na ya kumi la mwisho la Ramadhani? Mpango unaomtegemea kijana mmoja hufa siku anapohamia mkoa mwingine.

Sauti, kabla hamjachagua chochote

Mashine na mkalimani wote wanategemea sauti safi, na misikiti yetu mingi haina sauti safi hata kama ina sauti kubwa. Amplifaya nyingi zina kitufe cha eko, nacho kimezungushwa mbali kwa sababu watu wanapenda sauti inayorindima. Sikio la binadamu linavumilia. Mashine husikia kila silabi mara mbili tatu na kuanza kubahatisha. Ongeza marumaru, kuba na feni za dari, basi simu iliyowekwa juu ya zulia "ili isikilize" haitaambulia kitu.

Chukua sauti kwa waya. Kwenye miksa tumia tundu la AUX lililotengwa kabla ya eko. Tundu la REC OUT kwenye amplifaya mara nyingi hutoa sauti iliyokwisha kuchanganywa na eko, kwa hiyo lisikilize kwanza kwa vipokea sauti vya masikioni. Ikiwa eko haikwepeki, funga maikrofoni ya pili kwenye mimbari, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, iende moja kwa moja kwenye kompyuta kupitia kadi ya sauti ya USB. Sauti ya khatibu inapopanda kabisa, kipimo kisivuke desibeli -12. Sauti inayotoka kwenye miksa ina nguvu kuliko ile tundu la maikrofoni la kompyuta linavyotarajia, na ukiichomeka humo bila kadi itatoka imepasuka.

Kosa linalopoteza Ijumaa nzima ni dogo kuliko yote. Laptopu yenye tundu moja la sauti inataka plagi ya pini nne. Ukichomeka ya pini tatu haitalalamika, itaendelea kusikiliza kwa maikrofoni yake yenyewe iliyo juu ya kioo. Jaribu hivi: kwaruza ukingo wa kioo kwa ukucha huku ukitazama mstari wa sauti. Ukiruka, kompyuta inasikiliza feni, haimsikilizi khatibu.

Njia ya kwanza: mashine

Usahihi. Kiswahili kimo katika huduma kubwa za utambuzi wa sauti, na khatibu anayesema taratibu, sentensi fupi, hupata maandishi yanayosomeka. Shida kubwa ni mchanganyiko wa lugha. Wengi wetu pwani hii ni Mashafii, na nguzo tano za khutba husomwa kwa Kiarabu: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, aya ya Qurani, na kuwaombea waumini katika khutba ya pili. Mashine iliyowekwa Kiswahili ikisikia innal-hamda lillah haitasema "hiki ni Kiarabu". Itatafuta maneno ya Kiswahili yanayokaribia sauti ile na kuyaandika kwa ujasiri.

Halafu kuna maneno ya kwetu wenyewe. Swala ni ibada na swala ni mnyama wa mbugani. Kufunga ni saumu na ni kufunga mlango. Dini na deni vinatofautiana kwa irabu moja, na khutba ya kuhimiza watu walipe madeni inaweza kugeuka jambo lingine kabisa. Huduma zinazokubali orodha ya istilahi husaidia sana: ingizeni maneno 100 hadi 200 ya kidini pamoja na tafsiri mnayoitaka kwa kila lugha. Ile isiyokubali orodha, iacheni.

Kuna kosa moja ambalo kila kamati inapaswa kuliona kwa macho kabla ya kuamua. Khatibu anasema: "Hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah." Mashine nyingi huonyesha tafsiri kadiri maneno yanavyoingia. Khatibu akivuta pumzi kabla ya "ila", skrini inabaki na nusu ya kwanza peke yake kwa sekunde mbili tatu, mbele ya watu mia tano. Nusu ya kwanza peke yake ni kukana. Dawa ipo: washa mpangilio wa kuonyesha sentensi iliyokamilika tu, na kubali kuchelewa kunakoongezeka. Programu isiyo na mpangilio huo haifai kuwekwa msikitini, hata ikitolewa bure.

Kuchelewa. Sekunde 2 hadi 6 kwa kawaida, zaidi ukisubiri sentensi nzima. Khatibu wa sentensi ndefu anaweza kuisukuma mpaka 10.

Vifaa na mtandao. Kompyuta, kadi ya sauti, skrini, intaneti. Sauti ya hotuba ikibanwa vizuri hutumia kilobiti 24 hadi 32 tu kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya kifurushi si tatizo. Tatizo ni kutulia kwa mtandao. Saa saba kasoro siku ya Ijumaa mamia ya simu zimekusanyika jengo moja, na ruta ya laini ya simu inagombania mnara uleule. Faiba ikiwepo, itumieni. Isipokuwepo, wekeni ruta ghorofani dirishani, mbali na umati, na mjaribu saa hiyohiyo ya Ijumaa. Jaribio la Jumanne usiku halitawaambia kitu.

Kuna programu zisizohitaji intaneti. Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, inaweza kukaa ndani ya kompyuta yenyewe, lakini imejengwa kwa vipande vya sauti vya sekunde 30, inataka kompyuta yenye nguvu, na tafsiri yake huelekea Kiingereza pekee. Kwa Kifaransa au Kiurdu utaongeza programu ya pili.

Watu. Mmoja anayejua lugha zote mbili, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuzima. Asiyeijua lugha ya skrini hawezi kujua imeharibika.

Kinachoharibika. Khatibu anapokaa kati ya khutba mbili, ukimya ule ni hatari kuliko maneno. Baadhi ya mashine, Whisper ikiwamo, huweza kubuni sentensi pasipo mtu kusema. Nyamazisha njia ya sauti mara anapokaa. Izime pia kabla ya matangazo ya misiba, wagonjwa na michango. Sauti hiyo husafiri hadi kwenye kompyuta za watu wengine, na majina ya wagonjwa na afya zao ni taarifa binafsi ambazo Tanzania imezitungia sheria mwaka 2022.

Inamfaa nani. Msikiti ambao khatibu huzungumza bila andiko, lugha inayohitajika ni Kiingereza au Kifaransa, na kuna mtu wa kuisimamia. Inafaa pia pale inapotoa maandishi ya Kiswahili kwa Kiswahili, bila tafsiri, kwa wasiosikia vizuri. Hapo hatua moja ya makosa inaondoka. Viziwi wengi, hata hivyo, hufuata Lugha ya Alama kuliko maandishi, kwa hiyo waulizeni kwanza.

Njia ya pili: slaidi zilizotafsiriwa kabla

Usahihi. Mkubwa kuliko njia nyingine, kwa sababu kuna mtu aliyesoma mara mbili. Aya zinachukuliwa kutoka tafsiri inayokubalika badala ya kutafsiriwa upya. Kwa Kiswahili, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, inajulikana kwa wengi. Chagueni moja kwa kila lugha na mbaki nayo.

Kazi yenyewe. Khutba ya dakika 15 kwa mwendo wa maneno 110 kwa dakika ni maneno 1,650 hivi. Slaidi moja ya mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kwa mstari, hubeba maneno kama 11 ya Kiswahili. Hiyo ni slaidi 150, moja kila sekunde sita. Mtafsiri makini hutumia sehemu kubwa ya siku nzima kwa lugha moja. Mashine ikitoa rasimu na yeye akasahihisha, muda hupungua, mradi asome kila sentensi. Kwa hiyo andiko la khatibu lazima lifike Jumatano jioni. Likifika Ijumaa asubuhi, hakuna khutba ya slaidi wiki hiyo, na ni heri kusema hivyo kuliko kupachika tafsiri ambayo haijasomwa.

Sehemu zinazojirudia hutengenezwa mara moja tu: hamdala ya kufungulia, aya ya 102 ya Al Imran inayosomwa sana katika kuusia ucha Mungu, aya ya 56 ya Al-Ahzab ya kumsalia Mtume, aya ya 90 ya An-Nahl ambayo makhatibu wengi hufungia, na dua. Wekeni hizi mwanzoni mwa faili na kumbukeni namba zake. Kwenye PowerPoint, ukiandika namba ya slaidi na kubonyeza Enter unaruka hadi hapo, na herufi B hutia skrini giza.

Kuchelewa. Hakuna, ikiwa msogezaji yuko makini. Hatari iko upande wa pili: akiwahi, waumini wanasoma jibu kabla khatibu hajauliza swali. Asogeze neno la kwanza linapotamkwa, si kabla.

Vifaa. Kompyuta yoyote na skrini. Intaneti haihitajiki, na eko iliyozidi haina madhara. Ruta na laptopu kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) ya VA 650 hudumu nusu saa hivi ikiwa betri ni nzima. Ukiongeza projekta, usitegemee kumaliza khutba.

Watu. Mtafsiri, msomaji wa pili, na msogezaji mwenye andiko la karatasi lenye namba za slaidi pembeni. Namba hizo ndizo zinazomrudisha njiani khatibu akiruka aya mbili.

Kinachoharibika. Khatibu anaacha andiko. Amemwona mtu, amekumbuka tukio la wiki, anazungumza dakika nne bila karatasi. Tayarisha slaidi inayosema kwa kila lugha: "Khatibu anaongeza maelezo." Iweke, subiri, rudi. Usibahatishe. Kiurdu kina shida yake: kompyuta isiyo na fonti ya Nastaliki hubadilisha sura ya maandishi, na mistari yake inataka nafasi kubwa zaidi kati yake, kwa hiyo fungua faili kwenye kompyuta ileile ya msikitini siku moja kabla.

Inamfaa nani. Msikiti ambao khatibu husoma. Na hapa kuna faida ambayo haisemwi vya kutosha: misikiti inayosoma khutba nzima kwa Kiarabu kutoka kitabuni huzunguka khutba zilezile kila mwaka. Ukizitafsiri mara moja kwa uangalifu, una akiba ya miaka.

Njia ya tatu: mkalimani masikioni

Usahihi. Mkalimani mzuri anaelewa kejeli, methali na Kiarabu kilichochomekwa katikati ya Kiswahili, jambo ambalo mashine bado inashindwa. Mkalimani mbaya hana kitufe cha kuzima. Kuongea lugha mbili nyumbani hakutoshi, maana kutafsiri huku ukisikiliza ni ujuzi wake mwenyewe. Mpimeni kwa rekodi ya khutba ya zamani, dakika kumi bila kusimama. Akipewa mada na aya siku moja kabla, kazi yake inabadilika kabisa.

Kuchelewa. Sekunde 2 hadi 4. Wakalimani wa mikutano hupokezana kila dakika 20 au 30, kwa hiyo khutba ya kawaida mtu mmoja anaimudu. Ikifuatana na mawaidha ya nusu saa, watafutwe wawili.

Vifaa. Kipaza sauti kidogo na vipokezi kama vile vya waongoza watalii, au simu za watu wenyewe kupitia Wi-Fi ya msikiti. Vipokezi vinataka kuchajiwa Alhamisi usiku, kufutwa kwa dawa, na kuandikwa nani amechukua kipi. Wazo la kurusha kwa FM ili kila mtu atumie redio ya simu linavutia, lakini masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, msirushe bila kuwauliza.

Watu na adabu. Mkalimani akae chumba cha pembeni chenye mlango, sauti ikimfikia kwa waya. Akikaa nyuma ya safu ananong'ona, wanaomzunguka wote wamepoteza khutba. Suala la yeye kuzungumza wakati wa khutba ni la imamu. Mtu ambaye Ijumaa haimlazimu, kama mwanamke au msafiri, huenda akawa mlango mwepesi zaidi, na wapo wanawake wengi wanaomudu lugha hizi ambao hakuna aliyewahi kuwaomba.

Kinachoharibika. Mkalimani anaugua. Betri. Na kipokezi kimoja chenye sauti kubwa mno katika ukumbi uliotulia.

Inamfaa nani. Wazee wasioona vizuri, wasiosoma, na kundi dogo la lugha moja, watu kumi hadi arobaini.

Skrini au simu

Skrini inaacha mikono mitupu, na hilo lina uzito mkubwa. Kwa kusomeka, herufi iwe na kimo cha sentimita 1 kwa kila mita 2 za umbali. Herufi za sentimita 5, kwa mfano, zinasomeka hadi mita 10 hivi. Safu za nyuma zinahitaji skrini ya pili. Itundikwe pembeni, isiwe usawa wa macho ya mwenye kuswali, na itiwe giza kabla ya ikama. Ukumbi wa wanawake usisahauliwe: mara nyingi wako ghorofani, hawamwoni khatibu kabisa, na skrini yao ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote.

Simu zina faida pale lugha zinapozidi mbili. Skrini yenye lugha tatu haisomeki. Maandishi yenyewe ni mepesi, lakini ruta ya nyumbani huanza kulemewa simu zikifika ishirini au thelathini, kwa hiyo wekeni vifaa vya Wi-Fi vya ukumbi. Ukurasa ujisogeze wenyewe ili mtu asiguse, na simu ziwe hali ya ndegeni huku Wi-Fi ikiwa wazi, vinginevyo ujumbe wa pesa utaingia katikati ya aya.

Kulingana na hali yenu

Khatibu anasoma, lugha ni moja au mbili: slaidi. Anzeni na Kiarabu kwenda Kiswahili, kabla ya lugha za wageni.

Makhatibu ni wa zamu, kila mmoja na mtindo wake, hakuna andiko: mashine yenye msimamizi, pamoja na slaidi za kudumu za nguzo za Kiarabu. Msimamizi anahamia kwenye slaidi khatibu anapoingia Kiarabu na kurudi kwenye mashine anapotoka. Mchanganyiko huu ndio unaofaa misikiti mingi ya katikati ya jiji.

Wageni wanabadilika kila wiki, kama Upanga karibu na hospitali ya Muhimbili au Kariakoo msimu wa mzigo: mashine kwenye simu, ikiwa imamu ameridhia, na lugha ziwe mbili tatu tu zilizopimwa.

Jamii ndogo inayojulikana, yenye wazee: mkalimani.

Hakuna mtu, hakuna fedha: karatasi moja yenye aya, hadithi na muhtasari wa mistari kumi kwa kila lugha, igawiwe mlangoni kabla ya azana.

Mkielekea kwenye mashine, ipimeni Ijumaa tatu bila kuionyesha kwa watu. Rekodini, chagueni sentensi 20, na mjuzi wa lugha zote mbili aziweke katika mafungu matatu: sahihi, pungufu, potofu. Potofu ikizidi moja, au ikiwa hata hiyo moja iko kwenye aya, hadithi au hukumu, skrini ibaki giza na mrudi kwenye sauti na orodha ya istilahi kabla ya Ijumaa ya nne.